Ndoo ya Tano

"Mwiba huu bado unanuka," alisema Bi Kibibi, akaurudisha kwenye karai la sabuni.

Niliuokota nikausugua tena kwa mswaki, kutoka kichwani kwenda mkiani, kama tulivyoelekezwa redioni. Alikuwa samaki, kibua tuliyemla juzi, na sikumbuki kama siku aliyopikwa alioshwa hata nusu ya hivyo. Raya, binti yake Bi Kibibi, alikuwa akianika miiba iliyokwisha suuzwa kwenye kamba ya nguo, akiibana kwa vibanio katikati ya shuka mbili. Maganda ya mayai yalikuwa yamekauka tayari. Maganda ya viazi aliyapiga pasi asubuhi, kwa sababu yalikuwa yamejikunja, na Kanuni inataka taka ikabidhiwe katika hali ambayo Mkaguzi anaweza kuishika bila kuona haya.

"Mama, na mimi Ijumaa mtaniogesha hivi?" Raya aliuliza.

"Wewe utaogeshwa na somo yako kwa mapenzi," Bi Kibibi akajibu. "Kibua anaogeshwa kwa amri. Bana vizuri hapo, upepo usije ukamchukua."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya ndoa. Raya alikuwa aolewe na Sudi, mwoka mikate wa mtaa wa pili, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa taka. Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa wanaoishi humo wanaijua na wasioishi humo hawajaniuliza, ofisi ya ndoa haifungishi ndoa mpaka nyumba zote mbili, ya mke na ya mume, ziwe zimepakwa alama ya kijani mlangoni. Alama hiyo huipaka Mkaguzi wa Taka akisharidhika. Kwetu alikuwa aje siku ile ile, Jumatano. Kwa kina Sudi, kesho yake. Nyumba inayokosa alama husubiri zamu nyingine, na zamu nyingine huja baada ya mvua za masika, ambazo mwaka ule Serikali ilikuwa bado haijazitangaza.

Waziri wa Mabaki alitueleza sababu ya sheria hiyo, na alieleza vizuri. "Ndugu wananchi," alisema, "taka pungufu huzaa nyumba pungufu. Nyumba pungufu huzaa ndoa pungufu. Na ndoa pungufu, ndugu zangu, huzaa watoto wanaouliza maswali." Watu walipiga makofi. Mimi ni fundi wa majiko ya mkaa, nimepanga chumba cha uani kwa Bi Kibibi, na mambo ya taka sikuyasomea. Kwa hiyo nilipiga makofi pia, huku nikiendelea kuyafikiria maneno yale. Mpaka leo sijamaliza.

*

Nieleze kwa utaratibu. Kila nyumba ina ndoo tano. Ya kwanza ni ya makombo, ya pili karatasi, ya tatu mabati, ya nne vioo, na ya tano ni ya Nyinginezo. Nyumba isiyo na kitu katika ndoo mojawapo ni pungufu. Ndiyo maana utawasikia majirani wakiitana ukutani asubuhi: "Mama Chuma, hujambo? Huna kichupa kilichovunjika uniazime?" "Ninacho, ila mwenzio amekuwahi. Ngoja nikuvunjie kingine." Hapa kwetu kuazimana si aibu. Tuliazimana chumvi, tukaazimana moto, sasa tunaazimana taka. Sioni tofauti kubwa, isipokuwa chumvi ilikuwa hairudi.

Ndoo nne za kwanza hazina matatizo kwa mtu mwenye subira. Kazi ni ya tano. Kanuni inasema Nyinginezo ni taka isiyo makombo, wala karatasi, wala bati, wala kioo, "wala kitu kingine chochote chenye jina." Mkaguzi wetu, Bwana Mwamtoro, ni mtu mpole, huvaa glavu nyeupe na husema tafadhali. Lakini aliisoma Kanuni hiyo akaielewa, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu akiweka kitana kilichong'oka meno, Bwana Mwamtoro anakiinua juu. "Hiki ni kitana," anasema kwa huzuni. "Kina jina." Mwingine ataweka majivu. "Majivu, mama. Pole sana." Mzee Songoro, jirani yetu, aliwahi kuweka kipande cha godoro alichokirarua, akakichoma, kisha akakilowesha. Mkaguzi alikizungusha muda mrefu.

"Godoro," akasema mwishowe.

"Lakini, bwana, umelijuaje?" Mzee Songoro alilalamika.

"Na mimi nalala, mzee wangu."

Kuhusu gari la taka, msije mkadhani hatuna. Tunalo, jeupe kama kanzu ya Idi, zawadi ya nchi moja rafiki. Siku ya uzinduzi Waziri mwenyewe alitupia humo taka ya kwanza, ganda la papai, mbele ya bendi. Kwa bahati mbaya tone moja la maji ya papai likateremka ubavuni mwa gari. Bendi ilinyamaza. Waziri alivua kofia. Kabla ya alasiri amri ilikwisha kutoka kwamba gari lisiguswe tena na taka mpaka litakapozoea, kwa kuwa gari la taka ni sura ya taifa. Tangu hapo hufuatana na Mkaguzi polepole, likipiga wimbo, na nyuma yake wapo watu wa kulipangusa vumbi huku likitembea.

Taka iliyokubaliwa hubaki kwa mwenye nyumba kama amana ya Serikali, na kupoteza amana ni kosa. Bi Kibibi alikuwa akilala upande mmoja wa kitanda, na amana ya mabati upande wa pili. Akigeuka, mtaa mzima unajua. Redio ilitangaza kwamba taka zote zimetoweka mitaani, na hilo ni kweli tupu. Nje ulikuwa unaweza kuokota sindano. Ndani ndiko hakukuwa na pa kuweka mguu.

*

Nyinginezo ya kwanza kukubaliwa katika mtaa wetu ilitoka kwa Mama Chuma, muuza vitumbua. Ilikuwa na ukubwa wa kuku anayeatamia. Upande mmoja ulikuwa na manyoya, au kitu kilichofanana na manyoya, upande mwingine uling'aa. Ukiigonga ililia kama kibuyu, ukiibonyeza ilibonyea, kisha ikarudi pale ilipokuwa, bila haraka. Bwana Mwamtoro aliinusa. Akaitega sikio. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sijui," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisa wa nchi yetu kulitamka neno hilo hadharani, na watu wazima walilia. Mlango wa Mama Chuma ulipakwa kijani palepale.

Kwa kuwa amana hubaki nyumbani, jioni hiyo hiyo Mzee Songoro alikwenda kuiazima. Mama Chuma hakumnyima, maana jirani hanyimwi. Kutoka kwa Mzee Songoro ilikwenda kwa mshona viatu, ikaenda kwa mwalimu wa chuo, ikarudi, ikaenda tena. Na kwa sababu kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kila aliyeirudisha aliisindikiza kwa kitu: mayai, kipande cha halua, unga kidogo. Isitoshe, watu wenye adabu hawarudishi kitu cha mtu kikiwa kichafu, kwa hiyo kila nyumba iliiosha. Ilikuwa ikisafiri juu ya sinia, imefunikwa kawa jipya, na watoto waliokutana nayo njiani waliiamkia.

Asubuhi ya Jumatano ilikuwa kwetu. Alasiri Sudi alikuwa aje kuichukua kwa ajili ya nyumba yao. Bi Kibibi alikwisha weka tayari sahani ya maandazi ya kuisindikiza.

*

"Hodi, tafadhali," alisema Bwana Mwamtoro.

"Karibu, baba. Pita. Angalia usikanyage vioo vya mwezi uliopita."

Nje gari lilikuwa likipiga wimbo wake. Majirani walisogea mlangoni, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mapenzi yake kwa lile sinia.

Ndoo ya kwanza aliifurahia. Alichukua mwiba mmoja wa kibua akaupitisha shavuni. "Laini," akasema. "Mmetumia sabuni gani?"

"Ya kipande, baba."

"Inaonekana."

Ya pili vilevile. Karatasi zinatakiwa zitengwe, za habari njema upande huu na za habari mbaya upande ule. Magazeti yetu hayana habari mbaya, na Mkaguzi alifurahi kuona upande ule mtupu. Mabati yalipita. Vioo nilivipiga tupa mwenyewe kingo zote, navyo vikapita. Kisha Bi Kibibi akafunua kawa.

Uso wa Bwana Mwamtoro ulichanua. "Aa! Hujambo?" akaiambia ile Nyinginezo kabla hajajizuia. Halafu tabasamu likamkauka. Alibaki ameinama, mikono mgongoni.

"Hii naijua," alisema taratibu.

"Utaijulia wapi, baba, na ndiyo kwanza itoke uvunguni?" alisema Bi Kibibi.

"Nimeikuta kwa mshona viatu. Nimeikuta kwa Mzee Songoro, mara mbili. Kila nikiikuta imezidi kung'aa. Mama yangu, mimi na hii tumeshakuwa wenyeji."

"Dunia ina mfanano."

"Na kawa nalo lina mfanano?"

Bi Kibibi alilisogeza kawa nyuma ya mgongo wake. Bwana Mwamtoro alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, na hiyo ndiyo dalili ya nyumba kukosa alama. Mama Chuma alijishika kichwa. Mimi nilimtazama Raya. Alikuwa na hina mikononi aliyopakwa jana, nyekundu bado, na hina haisubiri masika.

"Samahani, mheshimiwa," Raya akasema. "Umesema unaijua."

"Naijua, binti. Naona uchungu, lakini naijua."

"Inaitwaje?"

Kidole cha mwisho cha glavu kilibaki mahali pake.

"Naijua kwa sura," alisema Bwana Mwamtoro.

"Jina lake je?"

"Jina... bado hatujafika huko."

"Basi, mheshimiwa, chukulia kuna mtu unakutana naye kila siku njiani. Mnapeana mikono, mnaulizana hali, lakini jina humjui. Wakubwa wakikuuliza yule ni nani, utawajibu nini?"

"Nitawajibu ni mwananchi."

"Na mwananchi anajulikana?"

Bwana Mwamtoro alifikiri kwa uaminifu. "Wakati wa kura," akasema.

"Kura si leo," akasema Raya.

Hapo Mkaguzi aliketi juu ya ndoo ya karatasi, upande wa habari mbaya, akajipepea kwa glavu. Nilimhurumia. Kazi yake ni ngumu, na si kila siku mtu anaulizwa maswali na bibi harusi. Mwisho alisema kuwa kama kitu hakina jina lakini kinajulikana, itabidi kitambulike kwa mwenyewe. "Ni ya nani?" akauliza.

"Mimi nimeiazima kwa Mzee Songoro," alisema Bi Kibibi, akiona hakuna tena la kuficha.

"Mimi kwa Mama Chuma," alisema Mzee Songoro kutoka mlangoni.

Wote wakamgeukia Mama Chuma. "Msinitolee macho," akasema. "Mimi niliikuta kizingitini kwangu asubuhi moja. Nikajua kuna mtu ananirudishia nilichomwazima. Mie nimeazimisha vingi, nitakumbuka kipi ni kipi?"

"Kwa hiyo haina mwenyewe," alisema Bwana Mwamtoro.

"Haina."

"Haina jina na haina mwenyewe!" Alisimama kwa kishindo, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo. "Basi hii si Nyinginezo ya kubahatisha. Hii ndiyo Nyinginezo halisi, ile iliyokusudiwa na Kanuni!" Akatoka nje na kopo la rangi, akapaka alama kubwa kuliko zote za mtaa. Vigelegele vilipigwa mpaka wimbo wa gari haukusikika. Bi Kibibi alimkumbatia Raya, akanikumbatia mimi, akakumbatia na karai.

*

Laiti angeondoka hapohapo. Lakini Bwana Mwamtoro ni mtu anayemaliza jambo. Alipokuwa akisafisha brashi alisema, kama anayejisemea, "Kisicho na mwenyewe ni mali ya Serikali."

"Eti nini, baba?" aliuliza Bi Kibibi.

"Ni sheria ya zamani, mama. Ya ng'ombe waliopotea, lakini haijafutwa. Ichukueni, tafadhali."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya papai, gari la taka liliamriwa kubeba taka. Dereva alizunguka nyuma akatafuta kitasa. Ufunguo ulikuwa Wizarani, kwenye kabati la kioo. Tena, alisema dereva, hata ungekuwepo, nani angechafua mle ndani kwa kitu kimoja? Wakashauriana. Hatimaye Nyinginezo ilipandishwa kiti cha mbele, ikafungwa mkanda, na Bwana Mwamtoro akatembea nyuma kwa miguu pamoja na wapangusa vumbi. Watoto waliipungia mkono mpaka ilipokata kona.

Tulikuwa bado tumesimama pale Sudi alipotokea upande wa pili na kikapu kipya. Alimwamkia mama mkwe mtarajiwa macho chini, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuichukua... ile."

"Bwana harusi kaja na kikapu!" alisema Mama Chuma. "Baba, mchumba haenei humo!" Lakini hakucheka mwenyewe, na Sudi akaona nyuso zetu. Bi Kibibi alimweleza yote, tangu kibua mpaka mkanda wa kiti. Sudi aliketi taratibu juu ya amana ya mabati. Mtaa mzima ulisikia.

"Kwetu anakuja kesho," akasema. "Ndoo nne zimejaa. Ya tano nilimwambia mama asihangaike."

"Kwa hiyo kijani chetu ni cha bure," alisema Bi Kibibi, akitazama mlango wake ambao rangi ilikuwa bado mbichi.

"Si cha bure, ni nusu," alisema Raya. Alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni. "Waliotangulia waliipata bila kujua. Sisi tutaitengeneza kwa kujua. Fundi, washa jiko kubwa."

Niliwasha. Tulibandika sufuria kuukuu, na kila mmoja akaleta alichonacho. Bi Kibibi alileta mshumaa na nyuzi za katani. Mama Chuma alileta ukoko wa vitumbua uliomshinda. Sudi alitoa hamira mfukoni. Raya alitia gazeti lenye hotuba ya Waziri, na hilo liliyeyuka kabla ya vyote, halikuacha hata rangi. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kushikamanisha. Niliangalia huku na huku, nikavua kandambili yangu moja, nikaitia.

Tulikoroga kwa zamu. Moshi wake ulikuwa mweusi, na paka wa nyumba ya pili alihama. Jua liliposhuka nyuma ya ukuta tuliepua, tukamimina juu ya bati. Kitu kile kilikuwa kibaya kweli, kina mabaka na nundu, na tulianza kupata matumaini.

"Naona kandambili," alisema Mama Chuma.

"Unaiona kwa sababu umeona ikitiwa," Sudi akasema. "Aitwe asiyeona."

Mzee Songoro alikuwa amekwenda kujinyoosha kwa ajili ya uchungu wa mchana. Aliitwa, akaja akipiga miayo. Aliinama, akakizunguka kile kitu, akakitazama kwa upande wa mwanga na kwa upande wa kivuli.

"Mzee wetu, hiki ni nini?" Raya alimwuliza. "Sema bila kutuonea haya."

"Hii," akasema, "ni kandambili ya Fundi. Ya kushoto."

Tulikirudisha sufuriani, tukachochea tena. Tulimwonyesha mshona viatu, naye hakuhitaji hata kuinama. Tulikirudisha tena. Mkaa ulikuwa unakwisha, adhana ya magharibi ikaanza, na Bi Kibibi akasema moto upumzike, na watu pia. Sudi aliahidi kuja na magogo alfajiri, kabla ya kuoka mikate. Raya alikifunika kile kitu kwa sinia, akaweka jiwe juu, kisha akafunua kidogo akachungulia mara moja zaidi.

"Kisigino bado kinajulikana," akasema.

"Mpaka kesho," nilimwambia.

Nikaenda chumbani kwangu nimevaa ya kulia peke yake.